Mchoro Mmoja, Karakana Nyingi: Somo la Kushirikiana Mafaili ya Mashine za CNC

Katika karakana za useremala, mashine za kukata na kuchonga zinazoongozwa na kompyuta, ambazo mafundi huziita CNC, zimeanza kuonekana kando ya randa na msumeno. Baadhi ni mashine kubwa za biashara. Nyingine ni ndogo, zimeundwa na vijana wenyewe kwa mota, reli na kompyuta ya zamani, na hutumiwa baada ya saa za kazi kwa kujifurahisha na kujifunza. Mwenye mashine ya namna hiyo hugundua mapema kwamba kazi kubwa si kukata bali kuchora. Mchoro wa kiti kimoja huweza kumchukua mchoraji siku nyingi mbele ya kompyuta, ilhali mashine hukimaliza kiti chenyewe kwa saa chache.

Ndiyo maana mafundi huombana mafaili ya michoro. Jambo hilo ni jema, lakini lina taratibu zake. Somo hili linaeleza faili gani linafaa kutumwa, nini kiandamane nalo, na haki ya mchoraji inalindwa vipi. Limekusudiwa kwa mafundi, wanafunzi wa ufundi, na vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinavyofikiria kuanzisha karakana.

Mfano wa somo

Mfano mmoja utatumika katika somo zima. Fundi wa kata moja amechora kiti cha plaiwudi cha mtoto mwenye mtindio wa ubongo, ambaye hawezi kukaa bila kuegemezwa. Kiti kina mgongo mrefu, mbavu mbili za pembeni na meza ndogo ya mbele. Vipande vyake hushikana kwa ndimi na matundu, bila misumari. Mama wa kata ya jirani amekiona na anahitaji kama hicho kwa mwanawe. Fundi wa huko ana mashine, ila hajui kuchora.

Faili likitumwa vizuri, mtoto wa pili ataweza kukaa mezani na ndugu zake kabla ya wiki kwisha. Likitumwa vibaya, ubao utaharibika. Au, baya zaidi, kiti kitavunjika, ama kitambana mtoto asiyeweza kusema kwamba anaumia.

Mashine inafuata nini

Mwaka 1952, chuo cha Massachusetts Institute of Technology nchini Marekani kilionesha mashine ya kuchonga chuma iliyofuata namba zilizotobolewa kwenye utepe wa karatasi. Wazo hilo lilitokana na kazi ya John T. Parsons wa Michigan, aliyekuwa akitafuta njia ya kupata kwa usahihi maumbo ya mapanga ya helikopta. Utepe ule umekwisha kupitwa na wakati, lakini kanuni yake haijabadilika: mashine haioni kiti, wala haijui kiti ni nini. Inafuata namba tu. Namba zikiwa sahihi, kazi huwa sahihi. Zikiwa na kosa, mashine hulitekeleza kosa hilo kwa uaminifu uleule.

Kabla ya kutuma chochote, ni muhimu kutofautisha aina tatu za mafaili.

Ya kwanza ni faili la asili, yaani lile lililohifadhiwa na programu aliyochorea fundi, kwa mfano FreeCAD au Inkscape, ambazo hupatikana bila malipo. Faili hilo ndilo rahisi zaidi kurekebisha, ila mpokeaji anahitaji programu ileile ili alifungue.

Ya pili ni faili la kubadilishana, linalosomwa na programu nyingi. Kwa ukataji wa mbao bapa, yanayotumika zaidi ni DXF, lililoletwa na kampuni ya Autodesk mwaka 1982, na SVG, lililopitishwa kuwa kiwango cha intaneti mwaka 2001.

Ya tatu ni faili la amri za mashine, ambazo nyingi huanza na herufi G. Hizi huiambia mashine iende wapi, kwa kasi gani, na ishuke kina gani.

Picha ya simu haimo katika aina hizo. Picha ni mkusanyiko wa vitone vya rangi, ilhali mashine inahitaji mistari yenye mwanzo, mwisho na urefu. Aliyetumiwa picha ya kiti ametumiwa wazo, na bado hana mchoro. Vilevile, mchoro unaotumwa kwa simu utumwe kama nyaraka, kwa kuwa ukitumwa kama picha hupunguzwa ubora njiani na mistari yake hupotea.

Mchoro usafiri, amri zibaki

Kosa linalovunja vifaa vingi ni kumtumia mwenzako faili la amri na kumwambia alitie mashineni moja kwa moja. Amri hizo ziliandikwa kwa ajili ya mashine moja, kisu kimoja na ubao mmoja.

Hesabu ya kiti inaonesha hatari yake. Fundi wa kwanza huhesabu sifuri ya kimo kutoka uso wa juu wa ubao. Kwake, kukata ubao wa milimita 18 ni kushuka hadi hasi 18, na kisu kinapohama kutoka kipande hadi kipande huinuliwa milimita 5 juu ya ubao. Fundi wa pili amezoea kuhesabu sifuri kutoka meza ya mashine. Akitumia amri za mwenzake bila kuzibadili, milimita 5 juu ya meza si hewani tena: ni ndani ya ubao, milimita 13 chini ya uso wake. Mashine itahama kwa kasi yake yote huku kisu kikiwa kimezama katika mbao, na kisu kitavunjika. Kikinusurika, amri ya hasi 18 itakipeleka milimita 18 ndani ya meza yenyewe.

Kwa sababu hiyo, kinachotumwa kiwe mchoro. Amri zitengenezwe upya na mwenye mashine, kwa kipimo cha kisu chake na kasi ambayo mota yake inaweza kuimudu. Mchoraji anaweza kuandika pembeni utaratibu alioutumia. Kanuni moja hufaa karibu kila mahali: matundu ya ndani hukatwa kwanza na mzunguko wa nje mwisho, kwa maana kipande kilichokwisha kuachana na ubao huweza kusogea na kuharibu kila mkato unaofuata.

Milimita au inchi

Faili la DXF huweza kubeba namba bila kubainisha ni za kipimo gani. Namba 600 katika mchoro ni milimita 600 kwa aliyechora, lakini programu ya mpokeaji ikidhani ni inchi, mgongo wa kiti utakuwa na urefu wa milimita 15,240, yaani zaidi ya mita 15. Kosa kubwa kiasi hicho huonekana mara moja. Hatari imo katika vipande vidogo na matundu, ambako mtu huweza kurekebisha kwa kukisia, akadhani amepata.

Dawa yake ni nyepesi. Mchoraji aongeze katika kila faili mraba wa milimita 100 kwa 100, pembeni, wenye rangi tofauti na usiokusudiwa kukatwa. Mpokeaji aupime mraba huo katika programu yake kabla ya jambo lingine lolote. Ukisoma 100, aendelee. Ukisoma 2,540 au karibu 4, atakuwa ameligundua tatizo kabla ya kugusa ubao.

Unene wa ubao haudanganyiki

Plaiwudi nyingi za dukani huuzwa kwa kipimo cha futi nne kwa nane, yaani takriban milimita 1,220 kwa 2,440, zikiitwa za milimita 12, 15 au 18. Majina hayo ni ya biashara. Ubao unaoitwa wa 18 huweza kuwa na 17.4 upande mmoja na 17.8 upande mwingine. Kwa kabati la misumari tofauti hiyo haina madhara. Kwa kiti kinachoshikana kwa ndimi na matundu, tundu likiwa pana kupita kiasi kiti hutikisika, na likiwa jembamba ulimi haupiti.

Kwa hiyo mchoro uandikwe unene halisi uliopimwa kwa kalipa, usiishie kwenye jina la dukani. Mpokeaji naye apime ubao wake sehemu kadhaa, kisha akate kwenye mabaki matundu matatu ya majaribio yanayotofautiana kidogo, kwa mfano 17.4, 17.7 na 18.0, aone ulimi unakaa vizuri katika lipi. Jaribio hilo la dakika chache huokoa ubao mzima.

Kisu nacho kina umbo lake. Kisu cha duara chenye kipenyo cha milimita 6 hakiwezi kuchonga kona ya ndani yenye pembe kali; huacha mviringo wenye nusu kipenyo cha milimita 3, na ulimi wenye pembe kali hugota hapo. Wachoraji wazoefu huongeza kitobo kidogo katika kila kona ya tundu ili ulimi uingie hadi mwisho. Mpokeaji anayetumia kisu kinene zaidi lazima avipanue vitobo hivyo.

Lipo kosa lingine linalofichwa na urahisi wake. Mtoto wa pili ni mdogo kuliko wa kwanza, na fundi anashawishika kuupunguza mchoro wote hadi asilimia 90. Mgongo unapungua, kiti kinapungua, na kwenye kioo cha kompyuta kila kitu kinapendeza. Lakini matundu nayo yamepungua: tundu la milimita 18 limekuwa la 16.2, ilhali ubao haukupungua. Mchoro hauna budi kurekebishwa sehemu kwa sehemu: urefu na upana hubadilishwa, matundu hubaki kama unene wa ubao unavyodai. Hapo ndipo faida ya kutuma faili la asili pamoja na la kubadilishana inapodhihirika.

Karatasi ya maelezo

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Faili lisilo na maelezo hupotea vivyo hivyo: baada ya miezi sita hata aliyelichora hakumbuki lilikuwa la ubao gani. Kila faili linalotumwa liandamane na karatasi fupi yenye mambo haya:

1. Jina la kazi, namba ya toleo na tarehe.
2. Kipimo kilichotumika, milimita au inchi.
3. Aina ya ubao na unene wake halisi.
4. Kipenyo cha kisu kilichokusudiwa.
5. Maana ya kila rangi au tabaka: ipi ni ya kukata hadi chini, ipi ya kuchonga nusu, ipi ya maelezo tu.
6. Orodha ya vipande na mpangilio wa kuviunganisha, pamoja na picha ya kazi iliyokamilika.
7. Kama kazi imejaribiwa au bado, na ilijaribiwa kwa uzito gani.
8. Jina la mchoraji na ruhusa aliyoitoa.

Jambo la saba ni la uaminifu. Mchoro ambao haujawahi kukatwa una haki ya kutumwa, mradi useme hivyo waziwazi. Kwa kiti cha mtoto mwenye ulemavu, karatasi iseme pia kwamba vipimo ni vya mtoto mmoja: upana wa nyonga, urefu kutoka nyonga hadi nyuma ya goti, kutoka goti hadi unyayo, na kimo cha mgongo. Mtoto mwingine apimwe upya, na mtaalamu wa fiziotherapia akague kiti kabla hakijaanza kutumika kila siku. Mkao usiofaa huweza kuongeza ulemavu ambao kiti kilikusudiwa kuupunguza. Jina na picha ya mtoto wa kwanza visiandamane na faili bila ridhaa ya wazazi wake.

Kabla ya kutuma, mchoraji asafishe mchoro: afute mistari iliyolaliana, ambayo mashine huikata mara mbili, afunge maumbo yaliyoachwa wazi, na ageuze herufi ziwe mistari, ili zisibadilike mpokeaji asipokuwa na aina hiyo ya herufi.

Mchoro una mwenyewe

Watu wengi hudhani kwamba kilichotumwa bure hakina mwenyewe. Sivyo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inalinda kazi za sanaa, michoro ikiwemo, na haki hiyo huzaliwa pamoja na kazi yenyewe, bila kungoja usajili. Hata hivyo, kuisajili kazi katika Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA) humpa mchoraji ushahidi panapotokea mgogoro.

Mchoraji anayetaka kazi yake itumike na wengi aandike ruhusa yake, asiwaachie watu wakisie. Leseni za Creative Commons, zilizotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2002, zimerahisisha jambo hilo. Zimejengwa juu ya masharti manne: kumtaja mchoraji, kutouza, kutosambaza kazi iliyobadilishwa, na kusambaza kazi iliyobadilishwa kwa masharti yaleyale ya mwanzo. Mchoraji huchagua mchanganyiko unaomfaa. Kwa kiti cha mfano, sharti la kukataza mabadiliko halifai, kwa kuwa kila mtoto ana vipimo vyake. Sharti la kusambaza kwa masharti yaleyale linafaa sana: fundi wa pili akiboresha egemeo la kichwa, boresho hilo linarudi kwa fundi wa kwanza na kwa watoto wengine.

Anayepokea faili lililokatazwa kuuzwa, naye ana nia ya kuuza viti, amuulize mchoraji kwanza na kupata jibu kwa maandishi. Faili lisilo na ruhusa yoyote lichukuliwe kuwa halijaruhusiwa.

Nakshi zinahitaji uangalifu wa pekee. Milango ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na ile ya Lamu, iliyoingizwa mwaka 2001, imewavutia wachongaji wengi. Mapambo ya kale ni urithi wa wote, na kujifunza kwayo ni jambo la heshima. Lakini nakshi aliyoibuni mchongaji aliye hai ni jasho lake. Kuipiga picha kibandani kwake, kuigeuza faili na kuisambaza kwa mamia ya mashine ni kumnyang'anya riziki kwa kasi ambayo mkono wake hauwezi kushindana nayo. Aombwe ruhusa, atajwe jina, na panapouzwa, alipwe.

Usalama usisahaulike

Mchoro mzuri haumlindi fundi asiyejilinda. Vumbi la mbao limeorodheshwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu. Barakoa inayoziba vizuri na mashine ya kufyonza vumbi si anasa. Miwani ya kukinga macho ivaliwe hata kwa mkato mfupi. Wenye mashine za kukata kwa mwanga wa leza wasikate plastiki ya PVC kabisa, kwa maana hutoa gesi ya kloridi ya hidrojeni, ambayo hudhuru mapafu na kula chuma cha mashine. Karatasi ya maelezo itaje nyenzo zisizofaa kwa mchoro huo. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mashine nyingi ndogo hupoteza kumbukumbu ya mahali zilipo. Sifuri itafutwe upya kabla ya kuendelea.

Kwa wakazi na vikundi

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kinachopanga kuomba mkopo wa mashine kijiulize pia kitapata wapi michoro, nani ataitunza, na wanachama watakubaliana vipi juu ya mchoro uliobuniwa na mmoja wao. Makubaliano hayo yaandikwe kabla ya mashine kufika. Maelezo ya utaratibu wa mikopo hutolewa na Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata. Kwa mafunzo ya stadi, vyuo vya VETA na ofisi za SIDO ni mahali pazuri pa kuanzia.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Mraba wa kupimia wa milimita 100 unasoma 2,540 katika programu yako. Kosa ni lipi, na utalirekebishaje?
2. Ubao wako una unene wa milimita 17.5, na mchoro uliopokea una matundu ya 18. Utafanya nini kabla ya kukata?
3. Mwanachama amepunguza mchoro wote kwa asilimia 10 ili kiti kimfae mtoto mdogo. Mweleze kwa nini vipande havitaingiliana.
4. Jirani anaomba faili la nakshi iliyochongwa na mzee wa mtaa wenu. Ni hatua zipi zifuatwe kabla ya kumpa?

Kikundi kitakachoyajibu maswali hayo pasipo kukisia kiko tayari kupokea mchoro wa mwingine, na kiko tayari kutoa wa kwake.